Siku Tulipoulizwa Nani Awachague Mahakimu

Nilipokabidhi funguo za kabati la mafaili, ninyi vijana wa ofisi ya makarani mliniomba niandike machache juu ya kazi yetu. Mlisema kwa adabu, "Mama Feza, kabla hujasahau." Nilielewa: kabla ninyi hamjanisahau. Basi naandika. Vyeo naviacha, maana nilipanda polepole kama treni ya Kabalo. Mishahara naiacha pia, kwa sababu yenyewe ilituacha mara nyingi. Nitasema juu ya kazi, juu ya aliyenifundisha, na juu ya kosa moja nililofanya nikiwa tayari najiona mjuzi.

Niliingia mahakama ya Kalemie, huku kwetu kando ya ziwa Tanganyika, nikiwa na miaka kumi na saba, na masomo ya sekondari sijayamaliza. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Aliugua akafa wakati wa mvua, na Mama hakupitisha mwaka baada yake. Nyuma yangu walikuwa wadogo wanne. Siku ya kumaliza matanga, ndugu wa Baba na wa Mama walikaa wakaanza kutugawa: huyu aende Nyunzu, yule Mpala, wale wawili wadogo Manono. Nikasema hapana, tunabaki pamoja katika nyumba hii. Mjomba mmoja akacheka.

"Utawalisha na nini, Feza? Na madaftari yako ya shule?"

 Nilijua kupiga mashini ya kuandikia, maana masista walikuwa wametufundisha mwaka mmoja kabla. Hicho ndicho kilichonipeleka mahakamani, si kupenda sheria.

Aliyenipokea alikuwa Papa Kilufya, mkuu wa makarani, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazimisha, ile isiyo na wino. Alinipa mashini ambayo herufi e iliruka juu ya mstari. Kifaransa bila e ni kama sahani bila ugali, kwa hiyo kila ukurasa wangu ulionekana kama umepigwa ndani ya gari linalokimbia. Nilijitahidi kumwonyesha haraka ya vidole vyangu. Alinitazama mpaka nikaacha.

"Mutoto wangu," akasema, "mbio sizitaki. Nionyeshe masikio."

Kazi ya karani, ninyi mnaijua, lakini nataka mwone jinsi yeye alivyoifundisha. Watu wanasema Kiswahili, wengine Kitabwa au Kiholoholo, na karatasi inataka Kifaransa. Karani yuko katikati. Kwanza unachukua utambulisho wa anayesema: jina, jina la baba, jina la mama, kijiji cha asili, kazi, mtaa anapokaa. Halafu unaandika maneno yake. Mwisho unamsomea kwa lugha aliyoisema, na yeye anajibu kama anashikilia maneno yake au hashikilii. Akishikilia, anatia sahihi au kidole gumba. Hapo ndipo karatasi inakuwa pe-ve, yaani maandishi rasmi ya mahakama. Kabla ya hapo, Papa Kilufya alisema, "njo uvumi wenye muhuri." Kwetu ndio na ndiyo vyote ni njo.

Wiki yangu ya pili alikuja mvuvi wa Mpala aliyegombana na shemeji yake juu ya mtumbwi. Alisema, "Nilimupiga kidogo." Nikaandika kwamba alimpiga. Nilipomsomea, mvuvi akanyoosha shingo kutazama karatasi asiyoweza kuisoma.

"Dada, na ile kidogo iko wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, hakimu naye. Papa Kilufya hakucheka. Alinirudishia ukurasa nikaupiga upya wote, na jioni ile akaniambia kwamba ile "kidogo" niliyoiacha ilikuwa miezi ya jela ya mtu. Tangu siku hiyo sikuona tena kusomea watu kama adabu tu.

Sasa niseme juu ya mahakimu wenyewe. Katika miaka ile ya Zaire hakimu alipatikana kwa sahihi moja kutoka Kinshasa, na kwa sahihi ileile aliondolewa. Telegramu ya kumhamisha ilikuwa fupi kuliko tangazo la msiba. Sisi makarani tulibaki, wao wakapita. Tulijifunza kuona dalili. Hakimu akianza kuuliza maswali mengi juu ya mtu fulani mwenye nguvu, tulianza kumtafutia mke wake masanduku. Haikuwa mzaha sana. Na hakimu akiondoka kesi ikiwa katikati, anayekuja hawezi kuhukumu maneno ambayo hakuyasikia kwa masikio yake. Anafungua tena kutoka mwanzo. Mashahidi wanaitwa upya, kama bado wako hai.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mama Zaituni. Alikuwa muuzaji wa samaki wakavu, wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walivuka ziwa na biashara. Alikuwa na kiwanja karibu na bandari, urithi wa mume wake. Mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mjini alijenga ghala juu ya nusu ya kiwanja hicho, siku arobaini za msiba hazijaisha. Jina lake siliandiki hapa. Watoto wake ni watu wazima wazuri na tunasalimiana. Hakimu wa kwanza alisikiliza kesi mara tatu, akahamishwa. Wa pili alianza upya, akaenda mpaka kupima mipaka kwa kamba, akahamishwa. Wa tatu alikuwa Hakimu Mbuyi, mtu wa Kasai, mpole, mwenye kusafisha miwani yake kila alipohitaji muda wa kufikiri. Naye alianza upya. Safari hii alimaliza kusikiliza, akasema atatoa hukumu. Muda ambao sheria inampa ukapita. Miezi ikapita. Miwani ikawa safi sana.

Mama Zaituni alikuwa anakuja kila Jumatatu, anasimama mlangoni pangu na kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri.

"Feza, hukumu yangu imeshapikwa?"

"Bado, Mama."

"Basi mwambie Papa Zuzi asiiunguze." Huko kwetu hakimu ndiye tunayemwita zuzi.

Ikafika ile miaka ya mwisho, vyama vingi vilipoanza kuruhusiwa, watu wakaambiwa sasa semeni, na hakuna aliyejua kama ni kweli. Mbunge wetu alikuja kutoka Kinshasa amevaa tai. Kwa miaka mingi tai ilikuwa imekatazwa, na mzee wa watu alikuwa anaishika kila dakika kama anaogopa itaondoka. Alileta habari kwamba bunge litajadili sheria mpya juu ya namna ya kupata mahakimu. Pendekezo lilikuwa kwamba mahakimu wenyewe, katika baraza lao, wapendekeze majina, na mkuu wa nchi atie sahihi tu. Kulikuwa na wabunge waliotaka, na wengine waliosema mahakimu wakichaguana watakuwa ukoo usioguswa. Yeye alitaka kwenda na sauti ya watu wa Kalemie, iliyoandikwa vizuri. Aliiomba mahakama imwazime karani. Hakimu Mbuyi akanituma mimi.

Papa Kilufya alikuwa amekwisha kustaafu, analima upande wa Katanika. Kwa hiyo katika ukumbi wa parokia nilikuwa peke yangu na meza yangu na rundo la karatasi. Kwa kuwa haikuwa kesi, sikuchukua daftari la mahakama. Nilimpa kila msemaji karatasi yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nilifanya kwa ufundi. Mtu wa kwanza alipoinua mkono, nilimwita mezani. Jina? Baba? Mama? Kijiji? Kazi? Mtaa? Akajibu bila kushangaa. Wa pili naye. Wakaanza kupanga foleni mbele yangu ili watambulishwe kabla ya kusema. Watu wa Kalemie walinijua mahakamani, na kwao kusema mbele ya Feza kulikuwa na utaratibu wake. Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe niliona fahari. Niliwaza, mbunge ataona kwamba hapa kwetu kazi inafanywa.

Na walisema vizuri. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Nyunzu, alisema kwamba kumpa mtu mmoja sahihi ya kuweka na kuondoa mahakimu wote ni kumfanya yeye hakimu wa kila kesi nchini. Ukumbi ukapiga makofi. Mtu mwingine akataka mahakimu wawe wenyeji, wanaojua desturi. Mzee Sefu, mwenye duka la vitambaa, akasimama na fimbo yake.

"Wenyeji? Miye hapana! Nataka zuzi asiye na shemeji hapa Kalemie. Mukiniletea mwenyeji, kesho dada yake ataolewa na yule ninayemushtaki, nitafanya nini? Nitakula pilau ya arusi?"

Walicheka mpaka mbunge akagonga meza. Ndipo akaja Mama Zaituni. Alitoa utambulisho wake kwa sauti, mtaa na namba ya kiwanja, halafu akawageukia watu.

"Ninyi mnasema nani atachagua zuzi. Achague nani, achague nani. Miye siulizi hivyo. Wazuzi wangu watatu wote walichaguliwa, wote walikuwa na vyeti. Miye nauliza: nani anaweza kumuondoa zuzi siku anataka kukata kesi yangu? Huyo njo zuzi wa kweli. Munionyeshe huyo, nikamuuzie samaki." Akamtaja mwenye ghala kwa jina lake lote.

Nikaandika yote. Na jina lile pia.

Asubuhi yake nilikuwa ofisini nataka kuanza kuzipiga mashini karatasi zile, Papa Kilufya akaingia kufuatilia karatasi zake za uzeeni. Nilimpa asome, nikisubiri sifa. Alisoma kurasa tatu, akavua kofia, akasoma nyingine. Alipomaliza alizipanga kingo kwa kingo.

"Feza, hawa walishtakiwa na nani?"

"Hakuna aliyeshtakiwa, Papa. Ni maoni yao kwa bunge."

"Hapana. Hii njo pe-ve ya washtakiwa. Umeandika kosa lao, na baba yao, na mama yao, na nyumba ya kuwakuta. Anayeitaka hii hahitaji hata kuuliza njia."

 Niliona foleni ile yote, jinsi walivyonijibu, na mwalimu wa Nyunzu akinitajia jina la mama yake. Hapohapo mlango ukagongwa. Alikuwa ofisa wa usalama wa mjini, anatabasamu. Alisema amesikia mkutano ulikuwa mzuri, na kwamba angependa nakala, "ya kumbukumbu tu."

Nilimtazama Papa Kilufya. Yeye alitazama dari. Nami nikasema kitu cha kweli ambacho kilinijia wakati uleule.

"Bado si pe-ve, Mheshimiwa. Sijawasomea wenyewe."

"Utawasomea lini?"

"Mbunge anaruka keshokutwa. Kabla ya hapo."

Alisema atarudi. Alipotoka, Papa Kilufya alivaa kofia yake. "Basi nenda ukasome," akasema. "Na usome yote. Hata mtaa."

Siku mbili nilitembea Kalemie na zile karatasi kwenye mfuko wa sokoni, juu nimeweka mboga za matembele. Walikuwa watu kumi na mmoja. Kwa kila mmoja nilikaa, nikasoma kwa Kiswahili neno kwa neno, halafu nikamwambia: karatasi hii inakwenda Kinshasa, na hapa mjini kuna mtu anaitaka. Unashikilia? Ukishikilia, tia sahihi. Usiposhikilia, karatasi ni yako, chukua mkononi.

Mwalimu wa Nyunzu alinisikiliza amesimama. Aliposikia jina la mama yake linasomwa, alikaa chini. Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Papa Watoto, hiyo njo ile maneno ulisema juzi?"

"Njo yenyewe."

"Ni mazuri," akasema. "Nipe nikawashie moto."

Mwalimu hakunitazama usoni alipompa. Aibu ilikuwa yangu, si yake, na leo naona ningepaswa kumwambia hivyo.

Mzee Sefu alishikilia, kwa sharti kwamba niongeze Alhaji mbele ya jina lake, na kwamba ile pilau ibaki. Wengine walisema watafikiri, na nikawaachia karatasi wafikiri nayo. Mtu mmoja aliikunja akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna mbele yangu, tukatazamana mpaka alipomaliza. Nilimpa maji.

Mama Zaituni nilimkuta sokoni nyuma ya meza yake ya dagaa. Nilisoma polepole. Alinisahihisha mahali pamoja. Alisema ghala linachukua zaidi ya nusu, si nusu. Kisha nikamwambia juu ya ofisa. Nikamwambia wazi kwamba aliyetajwa ana watu, na kwamba angeweza kuyatoa maneno yale bila jina lake.

"Ukiondoa jina langu, hayo maneno yatakuwa ya nani? Ya samaki?"

"Mama, nakuogopea."

"Niogopee, ni vizuri. Lakini miaka yote hii nimekuwa 'yule mwanamke wa kiwanja.' Leo karatasi inaniita jina langu, weye unataka kulifuta?" Akapaka kidole gumba wino, akakibonyeza kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. "Na mtaa uache. Kila muntu anajua ninapolala."

Waliobaki walikuwa wanne. Nikazipiga mashini, nikampelekea mbunge pamoja na zile zenye sahihi.

"Mama," akasema, ameshika tai, "mimi nilikuja kuchukua watu kumi na mmoja, unanipa wanne? Kule watasema tuliandika haya hotelini."

"Ni wanne walioshikilia, Mheshimiwa. Wale saba ungewachukua bila wao kujua."

Hakupenda, lakini alizitia mkobani.

Siku iliyofuata niliitwa kwa ofisa. Hakutabasamu. Alivuta karatasi, akaanza: jina? Kijiji? Kazi? Jina la baba? Nikamwambia amefariki. Jina la mama? Naye pia. Nilikuwa nimewauliza watu maswali hayo maelfu ya mara, na sikujua kwamba yanapoulizwa upande ule wa meza mdomo unakauka.

"Unakaa na nani?"

"Na wadogo wangu wanne."

Akaandika hiyo nne polepole, akaitazama. Nilielewa kwamba swali lile hakuliuliza kwa ajili ya karatasi. Kisha akaomba maneno ya wale kumi na mmoja. Nikampa nakala za wanne.

"Nyingine ziko wapi?"

"Kwa wenyewe."

"Wewe ulizitoa?"

"Hawakushikilia. Karatasi ambayo mtu hakuishikilia si ya mahakama. Ni yake."

Aliniacha kwenye benchi mpaka alasiri. Nilihesabu nani atapika, nani atamchukua mdogo shuleni, na kama mjomba yule bado anakumbuka alivyotugawa. Alasiri mlinzi akaniambia niende. Hakunipa sababu, nami sikuiomba.

Mjadala wa bunge ulisikika redioni wiki iliyofuata, saa za mchana, nasi wote wa mahakama tulijazana katika ofisi ya makarani, betri tumezianika juani tangu asubuhi. Mmoja alisema mahakimu wachaguane. Mwingine akasema basi ni nani atawakemea wao? Wa tatu akataka bunge lenyewe liwapitishe, mwenzake akamjibu kwamba bunge halijaweza hata kupitisha ajenda. Halafu mbunge wetu akasoma maneno ya Mama Zaituni. Kulikuwa na kicheko, na sauti moja ikasema, "Muuza samaki ndiye atatufundisha sheria?"

"Ana jina," mbunge wetu akasema, na akalisoma, na baba, na mama, na mtaa, na jina la mwenye ghala pia, nchi nzima ikasikia.

 Nilipogeuka, nilimwona Hakimu Mbuyi amesimama mlangoni, miwani mkononi. Sheria ile ilirudishwa kwenye tume kuchunguzwa zaidi, na tume haikuirudisha katika miaka yote ya Zaire iliyobaki.

Asubuhi baada ya redio ile Hakimu aliniita kabla sijafungua dirisha.

"Mama Feza, kaa. Andika."

Akaanza kuisema hukumu ya kiwanja, kutoka kichwani, kifungu kwa kifungu, hakusafisha miwani hata mara moja. Ilikuwa imeiva ndani yake siku nyingi. Katikati alinitazama.

"Lile swali la Mama Zaituni, hakuliuliza bunge," akasema. "Aliniuliza mimi."

Ilisomwa hadharani siku mbili baadaye. Kiwanja ni cha Mama Zaituni, ghala livunjwe. Wiki ileile telegramu ilifika. Hakimu alipelekwa mbali, mahali ambapo ilibidi tutazame ramani.

Mtaniuliza mimi naona nani awachague mahakimu. Mlishaniuliza, na nilijifanya sikusikia. Wote niliowapigia mashini, wazuri na wabaya, waliletwa na sahihi ileile moja, kwa hiyo siwezi kusema sahihi ndiyo iliwafanya wazuri. Ila nimeona hakimu mzuri akikaa juu ya hukumu iliyokamilika, kwa kuogopa karatasi fupi ya kumhamisha. Mkipata siku moja kuulizwa, semeni hilo. Na mkiandika maneno ya mtu ambaye hakuitwa na mahakama, msimuulize mama yake ni nani mpaka mjue karatasi inakwenda kwa nani.

Hakimu Mbuyi aliondoka kwa treni. Nilikwenda stesheni kumsindikiza, na Mama Zaituni akaja na kifurushi kikubwa cha dagaa, kimefungwa kwa jani la mgomba na kamba. Akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mama, siwezi," Hakimu akasema. "Nimehukumu kesi yako."

"Lakini si zuzi wangu tena, Papa. Wamekuondoa!"

Watu wa benchi la pembeni walicheka, naye alicheka, na kwa kitambo kidogo nilidhani atapokea. Kisha akanigeukia mimi.

"Karani, siku za rufaa zimekwisha?"

"Bado, Mheshimiwa. Zimebaki tisa."

Akakirudisha kifurushi kwa mikono miwili, kama alivyopewa, akapanda behewani.

Hakuna aliyekata rufaa. Siku ya kumi, asubuhi, Mama Zaituni alikuwa stesheni tena na kifurushi kilekile, anamfundisha mlinzi wa treni atakayekibeba jina la hakimu na jina la ule mji wa mbali, akimrudisha nyuma kila alipokosea, mpaka akalisema sawasawa.